Kamba ya Leso Inayowapeleka Watoto Shamba

Saa tatu asubuhi jua la Kawangware bado halijaamua kama litatoka, na Bi Mwanasha amesimama mlangoni pa nasari yake akikagua viatu. Viatu vyenyewe ni vichache. Anachokagua hasa ni miguu: nani ana kidonda, nani alijikwaa jana, nani leo atataka kubebwa.

Mkononi ana kamba. Si ya katani wala ya nailoni. Ni vipande vya leso kuukuu vilivyosokotwa na kushonwa kimoja baada ya kingine: cha manjano, cheusi chenye nukta, cha zambarau kilichofifia. Maandishi ya leso yamekatwa katikati, hayasomeki tena. Kila mtoto ana rangi yake. Tobias ni wa manjano, na ukimpa zambarau mtaa mzima utajua.

“Kila mtu ashike chake,” anasema Bi Mwanasha. “Asiye na chake anishike mie.”

Mwandishi wenu hana chake. Watoto wanamtazama, wanatazamana, kisha msichana mmoja aitwaye Caren, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, anamwonyesha kipande cha mwisho kabisa. Ni chekundu, kipya, na hakuna aliyekishika.

“Shika hiyo,” anasema. “Lakini si yako. Tunakuazima tu.”

Basi mwandishi anashika, na msafara unaondoka.

Bi Mwanasha yuko mbele. Mabruka, wifi yake, anatembea upande wa barabara na kifimbo ambacho kazi yake ni kusimamisha baiskeli. Na zinasimama. Muuza makaa anasogeza gunia lake. Fundi viatu anawaamkia watoto mmoja mmoja kwa majina, na kila mmoja anajibu, ndiyo maana safari inachelewa.

Kituo cha kwanza ni kipande cha nyasi cha pembe tatu, pale njia ya Kabiria inapoachana na barabara kubwa. Mtu mzima hukiruka bila kukiona. Watoto wamekipa jina: Kaptura, kwa sababu ni kifupi. Wanazunguka Kaptura mara moja, wanamtafuta jongoo waliyemwacha jana, hawampati, wanaendelea.

“Huwezi kuipita Kaptura hivi hivi,” Bi Mwanasha anamwambia mwandishi bila kucheka. “Itasikitika.”

Yeye mwenyewe hakuzaliwa kwenye nyasi. Alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kuze, nyumba zilizobanana mpaka jirani akikohoa unamjibu. Alikuja Nairobi mwaka wa 1964, bibi harusi wa Bwana Abdalla, ambaye mpaka leo anapima vitambaa katika duka moja la Mtaa wa Biashara. Walipanga chumba ghorofani, katikati ya mji. Mtoto wao Amin alijifunza kutembea kwenye ujia wa saruji, kati ya ndoo za majirani.

Amin alipokaribia miaka mitatu, mama yake alimpeleka Bustani ya Jeevanjee wakapunge upepo. Akamsimamisha kwenye nyasi. Mtoto akapiga ukelele, akakunja miguu yote miwili, akaning'inia mikononi mwa mama yake kama nguo iliyoanikwa. Alikuwa anaogopa nyasi.

“Watu wakacheka,” anasema Bi Mwanasha. “Mie nilicheka nao, lakini nilipofika nyumbani nililia. Nilijiuliza, nimezaa mtoto gani asiyejua ardhi? Kosa si lake. Hakuwahi kuonyeshwa.”

Tangu siku hiyo akawa anampeleka bustanini kila alipopata nafasi. Amin alianza kwa kidole gumba cha mguu, kisha unyayo. Leo yuko shule ya msingi, anacheza mpira, na hataki kabisa hadithi hiyo isimuliwe. Mama yake anaisimulia kila mahali.

Mwaka wa 1969 kodi ya mjini iliwashinda wakahamia Kawangware. Hapo ndipo kazi ilipoanza, bila kupangwa. Jirani alimwachia mtoto siku moja, akarudi siku ya pili na mtoto na dada yake. Kina mama wa pale huondoka mapema: wengine wanafua nguo katika majumba makubwa ya Lavington, wengine wanauza mboga, wengine wanasafisha ofisi mjini. Leo wanamlipa shilingi kumi kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Asiyekuwa nazo huleta sukuma wiki, na Bi Mwanasha hamrudishi.

Chumba ni kimoja, lakini mbele yake palikuwa na uwanja wa kucheza. Ndipo mwaka juzi mwenye ploti akaleta mbao na mabati. Uwanja ukawa vyumba vya kupangisha, safu mbili zinazotazamana, na kati yake upenyo wa kupita mtu mmoja na ndoo yake.

“Watoto wakaanza kuumana,” anasema Mabruka, ambaye huzungumza kidogo na kwa ufupi.

“Walikuwa wazuri,” Bi Mwanasha anawatetea. “Lakini umfungie nani chumbani siku nzima asiume?”

Hivyo akakusanya leso zake za zamani, akazikata, akasokota kamba. Siku ya kwanza walifika Kaptura tu, wakarudi wamechoka kana kwamba wamevuka nchi. Wiki iliyofuata walisonga mbele kidogo. Akagundua kwamba nyuma ya ua wa kayaba, ule wenye miiba, kuna kichaka cha miti ya miwati ambamo ndege wanne, kwarara, hulala na kuamka kwa kelele. Watoto wakapaita Kwa Kwarara. Wakikaribia hunyamaza wenyewe bila kuambiwa, jambo ambalo Mabruka anasema hajawahi kuliona likitokea mahali pengine popote.

Sehemu ya tatu, iliyo nzuri kuliko zote, iligunduliwa kwa kilio, na aliyelia alikuwa mwalimu.

Walikuwa wameteremka njia ya ng'ombe chini ya Kabiria, kuelekea kijito. Ukingoni Bi Mwanasha akaona majani mabichi yamestawi, mapana kidogo, yenye meno. Akafurahi. Akadhani ni mchicha wa huku bara, umejiotea bure. Akainama, akachuma konzi nzima kwa mikono miwili.

“Mwalimu, wacha!” Caren alipiga kelele. “Hiyo ni thabai!”

Thabai, kwa ajili ya msomaji ambaye hajakutana nayo, ni mmea unaowasha. Mtoto yeyote wa Dagoretti anaujua kabla hajajua jina la baba yake. Mwalimu wa Kuze hakuujua. Mikono ilimvimba, machozi yakamtoka, na watoto, kwa mapenzi makubwa, wakacheka mpaka wakaketi chini.

Kelele zile zilimtoa Muthoni kwenye nduma zake, ambazo wa pwani huziita majimbi. Huyu ni mwanamke wa makamo mwenye kipande cha mteremko pale kijitoni: nduma chini kwenye maji, ng'ombe mmoja juu, na kati yake nyasi fupi, nene, iliyoliwa na ng'ombe ikawa sawa kabisa. Muthoni naye alicheka kwanza. Halafu akachuma majani mengine, akayaponda, akamsugua mwalimu mikono.

“Nikamwuliza, wewe mswahili, nani alikwambia thabai inashikwa kama mtoto?” Muthoni anakumbuka. “Nikaona watoto wote wanaangalia nyasi yangu. Wameshika kamba, hakuna anaachilia. Nikasema, haya, ingieni. Lakini nduma yangu mtu asiguse.”

Waliachia kamba. Bi Mwanasha anasema hajawahi kuona watoto wakikimbia hivyo, bila kwenda popote. Sehemu hiyo inaitwa Zulia.

Wakawa wanakwenda Zulia kila siku isiyo na mvua. Watoto walimzoea ng'ombe. Walijifunza kung'oa nyasi ndefu za ukingoni na kumlisha mkononi, huku wakipiga mayowe ulimi unapowagusa. Muthoni naye, kwa hisani yake, alimpa mwalimu nduma mbili tatu za kurudi nazo nyumbani.

Na Bi Mwanasha, alipoulizwa na watoto wanakwenda wapi, aliwajibu kwa neno alilokua nalo. Aliwaambia wanakwenda shamba.

Neno hilo dogo nusura limvunjie nasari.

Kwao Mombasa, siku za sikukuu familia hufunga vyakula na mikeka, ikavuka kwenda Kisauni, kwenye minazi na mikorosho. Wanakula, wanalala kivulini, watoto wanacheza mpaka jioni. Huko ndiko kwenda shamba. Hakuna anayebeba jembe.

Peres ni mama yake Caren. Anasafisha ofisi mjini. Mumewe, Odero, ni seremala. Jumatatu moja mwaka jana, baada ya mvua za masika, Peres alikuja kumchukua mtoto akamkuta ana udongo kwenye kucha na majani kichwani. Peres mwenyewe alimsimulia mwandishi mazungumzo yao, na Caren alikuwapo kurekebisha.

“Leo mlikuwa wapi?”

“Shamba.”

“Mlifanya nini huko shamba?”

“Tulikata nyasi ya ng'ombe.”

“Ng'ombe ya nani?”

“Ya Muthoni.”

“Na yeye akawapa nini?”

“Alipea mwalimu nduma.”

Peres hakuhitaji kuuliza zaidi. Mwanamke huyu wa pwani, anayelipwa kulea watoto, alikuwa anawakodisha kwa mwenye shamba na kulipwa chakula.

Msomaji asimcheke Peres. Alipokuwa na umri wa miaka saba, kwao magharibi, alipelekwa na shangazi yake kupalilia miwa ya watu. Aliambiwa ni kwa likizo moja. Likizo haikuisha.

“Wenzangu wakipita na vitabu, mimi niko kwa laini ya miwa,” anasema. “Majani yake inakata. Angalia mikono yangu. Ofisi ninayosafisha imejaa karatasi, na mimi siwezi kusoma hata moja. Nilisema mtoto wangu hatashika jembe ya mtu. Nilisema hata kabla sijamzaa.”

Jioni iliyofuata alifika nasari akiwa na kina mama wengine nyuma yake. Bi Mwanasha alidhani wamekuja kumsalimia, akawatandikia mkeka. Hawakuketi.

“Mwalimu, tuko na swali moja,” Peres alisema. “Ni kweli unapeleka watoto wetu shamba?”

“Ni kweli!” Bi Mwanasha alijibu, uso umemnawiri. Alifikiri wamekuja kumshukuru. “Nawapeleka.”

“Kila siku?”

“Siku za mvua siwezi. Lakini jua likitoka, alhamdulillahi, hatukosi.”

“Hata wale wadogo?”

“Wadogo ndio wanaopenda zaidi. Wengine hawataki hata kurudi.”

Kina mama walitazamana.

“Mie mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo,” akaendelea, akiwakaribisha kwa mkono. “Kwetu, kila Idi baba akitupeleka shamba sote, mpaka mtoto mchanga.”

“Siku ya Idi?” mama mmoja akaguta. “Hata sikukuu hamkupumzika?”

“Sikukuu ndiyo hasa!”

Bi Mwanasha akisimulia hapa hujipiga paji la uso. Anasema kila jibu lake lilikuwa la kweli, na kila jibu lilizidi kumzamisha.

“Basi Caren wangu hatakuja tena,” Peres alisema, akamshika mtoto mkono. Wengine nao wakawashika wao. Caren alilia njia nzima, akidai kipande chake cha leso.

Kesho yake asubuhi walikuja watoto watatu, na mmoja wao alikuwa ameletwa na nyanya asiyekuwa na habari. Bi Mwanasha aliitandaza kamba sakafuni kama kawaida. Watatu wakashika vyao. Rangi nyingine zote zikabaki chini.

“Niliogopa,” anasema wazi. “Si kwa ajili ya pesa peke yake, ingawa pesa nazo zina kazi yake. Niliogopa kwamba nimewaudhi watu na sijui nimewaudhi nini. Nikawa napitia: nimepiga mtoto? La. Nimewalaza na njaa? La. Sikulala.”

Fumbo hilo alifumbuliwa na mumewe, mezani, jioni ile. Bwana Abdalla amesimama nyuma ya kaunta miaka mingi, akiwauzia watu kutoka kila pembe ya nchi, na masikio yake yamezoea.

“Uliwaambia unawapeleka watoto wapi?” alimwuliza.

“Shamba.”

Bwana Abdalla aliacha kula. “Shamba? Kwa neno hilo hilo?”

“Sasa niseme vipi?”

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka kwenye wali. Mkewe hakucheka hata kidogo.

“Mwanasha,” alimwambia alipopata pumzi, “shamba letu sisi ni mkeka. Shamba lao wenzetu ni jembe. Mteja akiniambia anataka nguo ya shamba, simpimii ya maua. Nampimia kaki.”

Hapo ndipo Bi Mwanasha alipoona kila kitu kwa mara moja: nyasi, ng'ombe, nduma alizokuwa akirudi nazo mkononi kweupe, mbele ya mtaa mzima. Alijitanda buibui usoni kwa aibu, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Usiku ule ule alikwenda kwa Peres. Hakukaribishwa ndani. Akaeleza pale pale mlangoni habari za Kisauni, mikeka na Idi. Peres alimsikiliza akiwa amempakata mdogo wake Caren, Zadock, aliyekuwa bado mchanga.

“Nyinyi watu wa pwani mnajua kuongea,” alisema mwishowe. “Mdomo yenu ni sukari.”

“Basi usinisikilize. Njoo uone.”

“Nitakuja,” Peres akasema. “Kesho Alhamisi siendi kazi. Nitakuja, na sitakuja mikono mitupu.”

Alhamisi alikuja. Zadock mgongoni, Caren mkononi, na begani jembe.

Lilikuwa jembe la Odero, lililonunuliwa kwa ajili ya msingi wa nyumba, zito, mpini mrefu. Bi Mwanasha alilitazama.

“Mama Caren, hilo la nini?”

“Kama ni kulima, fungu ya mtoto wangu nitalima mimi,” Peres alisema. “Yeye asiguse. Nimalize, tuachane kwa amani.”

Bi Mwanasha anasema maneno yale yalimchoma, kisha papo hapo yakamfanya ampende. Akampa Caren kipande chake cha leso, wakaondoka: mwalimu mbele, watoto wanne kwenye kamba ndefu yenye nafasi tele, Mabruka na kifimbo chake, na mwishoni kabisa mwanamke aliyebeba jembe. Fundi viatu aliuliza kama wanakwenda kuzika mtu.

Walizunguka Kaptura. Peres alisimama pembeni, akasubiri. Walinyamaza Kwa Kwarara. Peres akashangaa kimya kile. Walipofika Zulia watoto waliachia kamba wakatimka, Caren wa kwanza. Akapanda juu ya mteremko, akalala, akajibiringisha mpaka chini, akapanda tena.

Peres alikwenda moja kwa moja hadi kwa Muthoni, aliyekuwa kwenye nduma na maji yamemfika vifundoni.

“Mama, nilime wapi?”

“Ulime nini?”

“Fungu ya mtoto wangu.”

Muthoni aliangalia jembe, akaangalia nyasi, akamwangalia mwalimu. “Ukilima hapa ng'ombe yangu itakula nini? Na nduma sitaki mtu aguse, nilisema siku ya kwanza.” Akamnyoshea Bi Mwanasha kidole. “Ati huyu ndiye ananilimia? Huyu hajui kushika jembe. Anajua kushika thabai peke yake.”

Wakati huo Caren alikuja mbio na konzi ya nyasi. Akainyosha kwa ng'ombe, ulimi ukampitia mkononi hadi kiwiko, akapiga yowe la furaha lililosikika ng'ambo ya kijito. Akamgeukia mama yake. “Umeona? Hivyo ndiyo tunakata nyasi!”

Peres aliweka jembe chini.

“Nilikaa kwa nyasi,” anasema. “Nilikuwa nimejitayarisha kugombana tangu Jumatatu, na sasa hakuna mtu wa kugombana na yeye. Nikaona mtoto wangu vile anakimbia. Kumbe anaweza kukimbia hivyo! Kwetu kwa nyumba akizunguka meza mara moja amemaliza nyumba. Nililia. Watoto wakafikiri nimeshika thabai.”

Ndivyo ilivyokuwa. Tobias, mmoja wa wachache waliobaki, alimletea majani ya kusugua.

Bi Mwanasha naye aliketi kando yake. “Nilitua,” anasema. “Sijui nieleze vipi. Tangu jioni ile ya mkeka sikuwa nimevuta pumzi ikafika chini. Siku ile ilifika.”

Muthoni ndiye aliyelipatia jembe kazi. Alisema maadam limekuja, na mwenye mikono yake yupo, litengeneze njia ya kuteremkia, maana mvua ikinyesha inateleza. Peres akachimba vidaraja vya ngazi kwenye ukingo, vifupi vya kutosha miguu ya watoto. Vipo mpaka leo. Mwandishi ameviteremka, na kwa mtu mzima ni adhabu, lakini watoto huvishuka bila kuangalia chini.

Jumapili iliyofuata Peres alizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Wiki ile watoto wakarudi, isipokuwa wawili ambao mama yao alikwishawapeleka kwa jamaa Uthiru. Bi Mwanasha bado anawataja kila anapohesabu rangi.

Siku hizi akipokea mzazi mpya husema kwa uangalifu kwamba watoto huenda matembezi. Haisaidii kitu. Watoto hurudi nyumbani na kutangaza kuwa wamekwenda shamba, na mzazi huja amekunja uso. Basi hupelekwa kwa Peres, ambaye humwuliza, “Umekuja na jembe?” na kumweleza yote tangu mwanzo, kwa sauti, akijicheka mwenyewe.

Si kwamba mambo yote yametulia. Mwezi uliopita vigingi vilionekana Kwa Kwarara, na hakuna ajuaye nani kavipiga. Viwanja vinauzwa kila upande mpaka Waithaka. Bi Mwanasha ameanza kuulizia sehemu nyingine, na kila Ijumaa Bwana Abdalla, akitoka msikitini, hupita njia tofauti kurudi nyumbani ili amtafutie nyasi. Kuhusu Zulia, Muthoni ana jibu moja kwa madalali wote.

“Nawaambia ng'ombe yangu haiwezi kula mabati.”

Mpango wa Bi Mwanasha ni kuwapandisha watoto basi siku moja, wakubwa na wadogo, na kamba yao, hadi Bustani ya Jeevanjee. Anataka wapakanyage mahali pale mwanawe alipokunja miguu. Amin amesema hatakwenda. Mama yake anasema atakwenda, kwa sababu ndiye atakayeshika mwisho wa kamba.

Mwandishi anauliza: mwisho wa kamba si ndio huu alioushika yeye?

“Huo?” Bi Mwanasha anacheka. “Huo nimeuongeza juzi tu. Nilikata leso yangu mpya, Mabruka hajanisamehe.”

Leo ni Alhamisi. Tumefika Zulia, na Peres anashuka vidaraja vyake mwenyewe, bila jembe, Zadock ubavuni. Mtoto amekwishatimiza mwaka. Mama yake anamweka juu ya nyasi, na watu wazima wote, bila kuagana, wanaitazama miguu yake. Bi Mwanasha ameishika leso yake kidevuni. Mwandishi anajua anamwona Amin.

Zadock hakunji miguu. Anaziangalia nyasi, anang'oa kidogo, anazionja, hazimpendezi. Kisha anasimama, anayumba, na kunyosha mkono atafute kitu cha kushika.

Caren anamgeukia mwandishi wenu, ambaye bado ameishika kamba.

“Achilia sasa,” anasema. “Hiyo nyekundu ni ya Zadock.”

Mwandishi anaachilia.